Mtu Aliyechoma Nyumba Yake Kwanza

Jina alikuwa nalo, alibatizwa kama sisi sote, lakini kijijini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mwenyekiti. Mkewe alimwita Mwenyekiti, watoto wake walimwita Mwenyekiti, na padri alipokuja kutoka Hanga kutusomea misa naye alimwita Mwenyekiti. Baada yake wamepita wengine watatu, lakini hao tuliwaita kwa majina yao au ya utani. Ukisema Mwenyekiti bila kuongeza neno, hata mtoto aliyeota meno jana alijua unamsema nani.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, hayo siyaelezi. Wapo watakaotaka kuusifu na wapo watakaotaka kuutukana, wafanye wao. Mimi nasema niliyoyaona. Nilikaa naye jirani miaka zaidi ya ishirini, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na ua wa matete, na miaka mingi katika hiyo nilimchukia. Natanguliza hilo ili asitokee mtu akasema bibi huyu anampamba marehemu.

Alikuwa mrefu, mkavu, shingo ndefu kama ya kuku aliyenyonyoka. Alitembea kama mtu anayepima, na kweli alikuwa anapima. Kijiji chetu, huko kati ya Hanga na Lusewa, alikipima yeye kwa kamba ya katani, nyumba hadi nyumba, mstari ulionyooka. Miaka ikapita, kamba ikaoza, yeye akaendelea kupima kwa miguu. Akipita mbele ya mlango wako unaona midomo inacheza, anahesabu hatua. Jiko likijitokeza mbele hatua moja tu, anasimama. Hasemi kitu. Anaangalia jiko, anakuangalia wewe, anaangalia jiko. Mimi nilibomoa jiko langu mara mbili kwa sababu ya macho yale.

Kwa mtu hakula. Ukimkaribisha ugali anasema ameshiba, na wewe unaliona tumbo lililoingia ndani kama kikapu kilichobonyea. Aliogopa kwamba mtu akimlisha leo, kesho atamjia na shida yake. Wizi hakuwa nao, nalisema wazi, kwa maana baadaye walimsema kwa hilo. Miaka ya shida, sukari ilipokuwa ya mgawo na sabuni tunapika wenyewe kwa majivu ya migomba, duka la kijiji lilikuwa mkononi mwake, na wanawe walivaa kaptula zenye viraka juu ya viraka. Siku moja mkewe alikuja dukani na mtoto mgongoni anachemka homa, akaomba nusu kilo kabla ya zamu yake. Mwenyekiti alimtazama kama hamjui. Akamwonyesha kidole mwisho wa foleni. Yule mama akaenda kusimama nyuma ya watu arobaini, na sisi tukaangalia chini, maana hata kumpisha tuliogopa.

Lakini nilipojifungua mwanangu wa pili, damu zikanitoka sana, asubuhi nilikuta sukari imefungwa kwenye karatasi juu ya kizingiti changu. Nilijua ni ya nani, maana karatasi ilikuwa ya gazeti la chama na kijijini gazeti lilikuwa linamfikia yeye tu. Jioni ile, mkutanoni, alisema kwa ukali kwamba hakuna atakayepata sukari zaidi ya mgawo wake, hata awe nani. Alikuwa anasema kweli. Ule ulikuwa mgawo wake yeye.

Sasa niseme habari ya moto.

Zamani hatukukaa pale kijijini. Kila mtu alikaa kwake, mlima hadi mlima, na moshi wa jirani uliuona kwa mbali. Kwetu palikuwa juu ya kijito, nyuma ya nyumba kuna mianzi ya ulanzi, pombe yetu ya kugema, aliyoipanda baba mkwe wangu. Likaja tangazo watu wote wahamie pamoja. Waliotangulia walitangulia. Sisi tulikawia. Mwenyekiti akasema hatamwambia mtu afanye asilolifanya yeye, akatuita twende kwake tukaangalie. Alitoa vitu vyake nje, vichache, akawatoa mkewe na wanawe, akawasha kiberiti, akachoma nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, nyasi kavu, paa liliondoka mara moja. Alisimama anaiangalia mpaka boriti zikaanguka. Kisha akageuka na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kesho ataanza kwa wengine.

Kwetu alifika siku ya tatu, na mgambo wanne. Mimi nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, Otilia, mwezi uliotangulia. Surua ilimchukua, hajatimiza miaka miwili. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mianzi, na tulikuwa hatujaondoa tanga. Kwetu huondoi tanga bila kupika pombe. Mtu anakufa, mnakaa, mnaloweka ulezi uote, mnauanika, mnapika, ndugu wanakuja, pombe inanywewa na kidogo inamwagwa kaburini, hapo ndipo marehemu anaachwa apumzike na nyinyi mnarudi kazini. Kimea changu kilikuwa juu ya ungo, kimeota vizuri, kinakauka. Nilimwambia anipe wiki moja. Nilipiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti.

"Mama Otilia," alisema, "wafu hawahitaji zahanati. Walio hai ndio wanaihitaji. Toka nje."

Mume wangu Kanisius alinivuta. Paa likashika moto, na kimea cha mwanangu kikaungua pamoja nalo. Tanga lile halijaondolewa mpaka leo.

Haya, sasa nanyi mtaniuliza zahanati ilikuja? Ilikuja. Ilichelewa miaka minane, lakini ilikuja, tukaibebea matofali kichwani. Shule ilikuja mapema zaidi. Wanangu watano wote walisoma, mmoja ni mwalimu hapa Songea mjini, mjukuu wangu mkubwa ni muuguzi na anaandika majina ya dawa bila kukohoa. Mimi niliishia darasa la pili nikatolewa kulea wadogo zangu. Hii kalamu ninayoshika, aliyenirudishia ni Mwenyekiti. Kwenye kisomo cha watu wazima alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na fimbo, anagonga milango, na mwanamke aliyesema ana unga jikoni alimwambia abebe na unga wake. Nilijifunza kuandika jina la mtoto wangu niliyemwacha porini, kwa kulazimishwa na mtu aliyenifanya nimwache. Ukiniuliza nimpe shukrani au nimtemee mate, mpaka leo sijui.

Mikutano yake ilikuwa chini ya bati la ghala, kila Alhamisi. Anaeleza, anamaliza, anasema tupitishe. Halafu anainua mkono wake yeye kwanza, juu kabisa, kiganja wazi, na anatuangalia mmoja mmoja mpaka mikono yote iko juu. Hapakuwa na kuhesabu. Hapakuwa na haja.

Mara moja tu mume wangu hakuinua. Ilitakiwa bonde, tulikolima mboga sisi wanawake, liingizwe kwenye shamba la pamoja ilimwe tumbaku. Kanisius alikaa na mikono yake mapajani.

"Kanisius, mkono wako unaumwa?" Mwenyekiti alimwuliza.

Watu wakacheka. Kanisius akasema hauumwi, ila bonde ni la wanawake na wanawake hawajasema.

"Unaumwa. Jembe litautibu."

Alimpeleka kuchimba choo cha shule peke yake, siku sita, jua la Oktoba, watoto wa shule wakimwimbia. Aliporudi hakuongea na mimi wala na mtu siku nyingi. Baada ya hapo Kanisius alikuwa wa kwanza kuinua. Mkono wa Mwenyekiti haujafika juu, wa Kanisius umeshafika. Nilikuwa naona aibu kukaa karibu naye. Na wangu nao nilikuwa nauinua. Ukifanya hivyo miaka, mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Unasikia Mwenyekiti amenyamaza, unauona wake umepanda, wako umeshapanda na wewe unafikiria maharage uliyoacha jikoni.

Alikuwa na kichekesho kimoja tu, na hakujua kama ni kichekesho. Kurudi mahameni, kule tulikotoka, kulikatazwa. Lakini mianzi haikujua kama tumehama. Masika yakianza, inachomoza vile vile, na ulanzi unataka kugemwa. Wanaume walikuwa wanajipenyeza alfajiri na mbeta zao za kukingia ulanzi, anayekamatwa analimishwa. Asubuhi moja nilikwenda kuokota uyoga, nikapita karibu na kwake kwa zamani. Nikamwona Mwenyekiti, suruali imekunjwa mpaka magotini, amekumbatia mwanzi, anaukata ncha kwa uangalifu kama anamnyoa mtoto, mbeta imening'inia. Nikamwamkia. Akashtuka, akauachia mwanzi, akajipangusa.

"Nakagua mipaka," alisema.

Nikamwambia mipaka inatoa povu. Yeye akanisogezea mbeta, nikanywa, akanywa, hatukutazamana. Wiki ile ile alimlimisha kaka yangu kwa kosa hilo hilo. Nilimfuata nikamwambia wewe ni mtu wa namna gani. Akajibu kwamba akianza kumwachia mmoja kwa sababu na yeye ni mkosaji, kijiji kitabomoka. Nikamwambia basi jilimishe na wewe. Jumamosi yote nilimwona shambani peke yake, analima, hakuna aliyemtuma. Mtu kama huyo unamfanyaje?

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Kwanza tulifurahi, nisiseme uongo. Zikaja nguo za mitumba, nikavaa sweta la sufu jekundu, zito, la mtu aliyekufa huko Ulaya. Sabuni ikaja, chumvi ikaja, redio zikaja. Duka la kijiji likakosa watu, maana vijana waliuza vitu vizuri zaidi barabarani. Halafu mbolea iliyokuwa inaletwa hadi ghalani ikaacha kuletwa. Ukiitaka, inunue mjini kwa bei ya kumnunua mbuzi. Mahindi yakawa ya njano, mafupi, kama yana safura. Malori ya wafanyabiashara yakaja wakati wa njaa kununua mahindi machanga bado yako shambani. Zahanati ikabaki na kitanda na muuguzi mmoja anayekwambia kanunue bomba la sindano uje nalo, mwishowe ikafungwa.

Mwenyekiti aliangushwa kwenye uchaguzi wa kwanza wa masanduku. Sisi wanawake tulimwangusha, kwa karatasi, kimya kimya. Mwenyekiti mpya alikuwa kijana aliyewahi kukaa Dar es Salaam, anavaa saa kubwa. Mashine ya kusaga, tuliyoipata kwa jasho la shamba la pamoja, ikauzwa. Ghala likauzwa mabati. Mzee alikuwa anakwenda kufagia sakafu ya ghala lisilo na paa. Vijana wakampa jina, Mzee Azimio. Wanampigia kelele barabarani wanamwuliza, "Mzee Azimio, leo mgawo ni kilo ngapi?" Anawaangalia. Anapita. Anahesabu hatua.

Mke wake alifariki miaka hiyo. Kwenye msiba wake hakulia, alipanga foleni ya chakula. Watu wakasema ana jiwe kifuani. Kanisius wangu naye akafariki mwaka uliofuata, kwa kifua. Mwenyekiti alikuja, akachimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho, hakumpokeza mtu jembe, halafu akaondoka bila kula.

Sasa ndipo ikaja kampuni.

Walikuja na gari jeupe. Wanataka ardhi ya tumbaku, kubwa, yenye maji, isiyokaliwa. Mwenyekiti mpya akawaonyesha mahameni. Akaita mkutano, na sisi tulikwenda tukijua kinachotakiwa, maana habari zilishatangulia. Njiani tulikuwa tunaambizana kwamba hatukubali. Mle kuna miti yetu, kuna wazee wetu wamelala, na miaka hiyo wengine walishaanza kurudi kulima, mimi nikiwa mmojawapo. Nilikuwa nimefyeka pale nyuma ya mianzi, nimepanda maharage kuzunguka alipolala Otilia, nikasema mwaka huo nitaotesha ulezi, nitapika pombe yake, nimwondolee tanga lake mwenyewe. Hicho tu ndicho nilichokitaka katika dunia. Niliingia mkutanoni nikiwa na hicho.

Mwenyekiti mpya akaeleza. Kampuni italeta trekta. Italeta maji ya bomba. Itafungua zahanati iliyofungwa na kuleta dawa, watoto watapata madawati, kijiji kitaonekana kwenye ramani. Ile ardhi, alisema, ni pori, haina mtu, na sote tunajua haina mtu. Akasema wanaokubali wainue mikono.

Hakuna aliyeinua. Niliona, nikafurahi. Mwenyekiti mzee alikuwa amekaa mbele, kwenye kigogo, na shati lake la kaki. Akainua mkono. Juu kabisa, kiganja wazi.

Na sisi tukainua.

Sisemi watu waliinua. Nasema sisi. Mtu yule hakuwa na cheo, hakuwa na mgambo, hakuwa na sukari, vijana walikuwa wanamzomea barabarani, na tulimwangusha wenyewe. Lakini mkono wake ulipopanda, mikono yetu sisi tuliozeeka naye ilipanda, na vijana walipotuona sisi wazee tumeinua wakadhani tunajua jambo, wakainua. Nilishtuka nikaona na wangu uko juu. Niliushusha haraka kama nimeshika kaa la moto. Mwenyekiti mpya alikuwa ameshasema imepita, na bwana wa kampuni anapiga makofi.

Basi tulimla nyama. Tulisema amehongwa, tulisema amepewa bati, tulisema alitutoa kule kwa moto ili aje apauze. Kilabuni akikaa, watu wanahama benchi. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote, na najua kwa nini. Niliacha kumwamkia. Ua wetu wa matete nilikuwa nimeuacha wazi kwenye kona moja ili mimi na mkewe na watoto wetu tupite; nikauziba. Yeye hakujitetea kwa neno moja. Na bati hakuna aliyeliona, paa lake lilibaki la nyasi.

Ikatangazwa kwamba makaburi yatakayoonyeshwa hayatalimwa, yatawekewa vigingi. Hapo watu wetu wakafanya upumbavu. Kila mtu akakimbilia mahameni kurundika vilima vya udongo na kupachika misalaba, ili apate kipande kikubwa. Mzee mmoja alimzika babu yake mara tatu, sehemu tatu. Bwana ardhi wa wilaya alipokuja kuyaandika akakuta udongo mbichi bado una alama za majembe, akacheka, halafu akakasirika. Akasema hataandika kaburi lolote mpaka lishuhudiwe na mtu aliyekuwa kiongozi wakati wa kuhama, anayejua nani alikaa wapi. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Nililijua hilo tangu mwezi wa sita, na sikwenda kwake. Kila asubuhi nilisema leo, nikamwona ng'ambo ya ua amekaa, nikaingia ndani. Sikutaka kumwomba tena. Nilishapiga magoti mara moja. Mwezi wa nane wenzangu wakaniambia amevimba miguu, hatembei. Mwezi wa tisa trekta likasikika kutoka upande wa kijito. Siku ile nilifungua ua kwa panga nikapita.

Alikuwa kwenye mkeka, nje, kivulini mwa nyumba. Miguu ilikuwa kama mitungi, ngozi inang'aa. Sikumwamkia. Nilisema, "Uliniuza kwa kiasi gani?"

Alinisogezea ncha ya mkeka nikae.

"Sikupewa kitu."

"Sasa kwa nini?"

"Trekta," alisema. "Maji ya bomba. Zahanati. Madawati. Yale yalikuwa maneno yangu, Mama Otilia. Neno kwa neno. Nimeyasema miaka yote ile na nimewachomea watu nyumba kwa ajili yake, na mengine hayakuja, na yaliyokuja yamekufa. Nilipoyasikia kwa mtu mwingine nikasema kumbe yalikuwa kweli, yamechelewa tu. Nikaona kama nikikataa, basi nilichoma bure."

"Ulichoma bure," nilimwambia.

"Najua. Nilijua nilipogeuka nikaona mikono yenu." Akavuta pumzi. "Nilidhani mtakataa. Mliniangusha kwa karatasi, nikadhani mmeshapona."

Mkono wangu niliujua ulikuwa wapi. Nikamwambia trekta limefika kijitoni, na Otilia hajaandikwa. Akauliza kama nina baiskeli. Ninayo, ya Kanisius. Akasema nimpakie.

Nilimpakia nyuma, nikafunga kanga kiunoni mwake na kwenye kiti asianguke, nikasukuma. Mimi mwanamke wa miaka hiyo, namsukuma mtu aliyenitoa kule, namrudisha kule kule. Watu walitoka majumbani wakaangalia. Hakuna aliyecheka.

Tulimkuta bwana ardhi na Mwenyekiti mpya na bwana wa kampuni kando ya mianzi. Nusu yake ilikuwa imeshang'olewa, mizizi iko juu. Trekta lilikuwa linanguruma hatua chache kutoka kwenye maharage yangu. Mwenyekiti mzee akaomba lizimwe. Hakushuka kwenye baiskeli, hakuweza. Alinyoosha kidole: pale mlango, pale jiko, pale kihenge, pale mtoto. Hakukosea hata hatua moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kihenge.

"Walikaa akina nani hapa?" bwana ardhi aliuliza.

"Kanisius na mkewe. Huyu hapa."

"Wakaondoka kwa nini?"

Mwenyekiti mpya akadakia kwamba walihamia kijijini kwa hiari yao kama watu wote, zamani hizo.

"Hapana," mzee alisema. "Niliwachomea nyumba. Kiberiti kilikuwa changu. Huyu mama aliniomba wiki moja kwa ajili ya mtoto wake, sikumpa. Na hapa pote mnapopaita pori, nyumba themanini na saba, ni mimi. Hakuna aliyehiari. Andika."

Trekta limezimwa, kijito kinasikika. Bwana ardhi alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya. Aliishika kalamu juu ya karatasi. Akamtazama bwana wa kampuni. Yule akasema karatasi ile ni ya makaburi. Bwana ardhi akaandika, na nilisoma, maana nilifundishwa kusoma: kaburi, mtoto, moja. Basi. Neno lile la mzee lilikuwa limesemwa mbele ya watu wanne na halikuingia kwenye karatasi yoyote. Nilikuwa nimedhani likisemwa litarudisha ardhi. Halikurudisha hata upana wa jembe. Walipiga vigingi vinne, hatua nne kwa hatua nne. Niliambiwa nitakapotaka kuingia nitaomba kwa mlinzi getini. Ulezi nisipande, utaleta ndege. Pombe isipikwe ndani ya shamba.

Nikageuza baiskeli. Nyuma yetu trekta likawashwa, tukasikia mianzi inavunjika, inalia kama risasi. Hakugeuka, na mimi sikugeuka.

Tulipofika barabarani nilisimama kupumua. Nilimwambia asifikiri nimemsamehe.

"Sikukuomba msamaha," alisema. "Nilikuomba baiskeli."

Nilicheka. Ilinitoka tu, nikakasirika kwa nini imetoka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia miguu yake ile mibovu imening'inia, haigusi chini.

Kutoka pale hadi kijijini kuna mteremko mrefu, halafu kilima. Kwenye mteremko nilikuwa nashika breki kwa mikono miwili, na mzigo unanivuta, na breki za Kanisius zilikuwa zimechakaa. Wazo lilinijia niachie. Siyo kwa hasira. Nilichoka tu. Nafikiri alilijua, maana alinyamaza namna ya mtu anayesubiri. Tukafika chini. Kilima kikaanza. Nikaweka bega nyuma yake, kwenye mgongo ule uliokuwa mifupa mitupu, nikasukuma.